Ndege Inayopigwa Pasi

Jumapili, 5 Machi

Mwanangu amenunua ndege!

Ndege kabisa. Siyo ya kuchezea, siyo picha ya ukutani. Ina mabawa, ina magurudumu, ina viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Amenipigia nikiwa nasuuza mashati ya watu, nusura simu itumbukie kwenye beseni. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena, sasa polepole, nataka kufaidi. Akacheka, nami nikacheka. Alipokata simu nikaendelea kucheka peke yangu pale uani mpaka paka wa jirani akahama ukutani.

Sijaandika humu tangu tulipomzika baba yake. Leo nisipoandika nitapasuka.

Fundi wa lifti, mwanangu huyu. Mchana anapandisha na kushusha watu wa maghorofa huko jijini, na miaka yote hiyo anajifunza urubani kipande kipande, kama mtu anayejenga nyumba kwa kununua tofali moja moja. Leseni anayo! Nani mtaa huu ana mtoto wa hivyo? Nimefikiria nyumba kwa nyumba. Hakuna.

Sasa utamu wenyewe — ndege iko hapa hapa! Kwenye kile kiwanja kidogo cha nyasi nyuma ya kiwanda cha matofali. Kwa miguu nafika bila hata kuchoka. Ameinunua kwa mjane wa rubani aliyekuwa akinyunyizia dawa mashambani. Ni kuukuu, anasema, imelala bandani muda mrefu, itabidi kuitengeneza. Itabidi awe anakuja. Mama, anasema, kila mwezi, pengine mara mbili.

Mara mbili kwa mwezi! Mwaka jana alikuja mara moja, akalala usiku mmoja, begi hakulifungua.

Mungu aibariki hiyo ndege na ukuukuu wake.


Jumanne, 7 Machi

Nilimwambia jirani tu. Kufika saa nne mtaa mzima unajua. Watu wana midomo!

Sawa, na mwenye duka nilimwambia. Na wale waliokuja kuchukua nguo zao. Na yule mama aliyekosea nyumba.


Jumamosi, 18 Machi

Amekuja! Kwa basi la alfajiri, amekonda kidogo, nimemwambia, amekataa. Chai, mayai, tukaondoka. Nilivaa gauni langu la bluu na viatu vya kwenda kwenye harusi. Mlinzi wa kiwanja — wanamwita Koti, maana havui koti jua liwake lisiwake — akapiga saluti. "Karibu, mama mwenye ndege." Mama mwenye ndege! Nilijifanya sijasikia ili aseme tena.

Akafungua banda.

Loh.

Nilitegemea bati linalong'aa. Kumbe ni nguo! Ndege yote imevikwa kitambaa, mwili na mabawa, na kitambaa chenyewe kimechakaa, kimepasuka tumboni, panya wamezalia humo. Ndani unaona mbavu za mbao zimejipanga kama za ng'ombe wa kiangazi. Nikamwambia, mwanangu, umenunua ndege au mwavuli?

Alicheka mpaka akashika bawa. Akaniambia ndivyo zilivyoundwa zamani, kitambaa kikivutwa sawasawa na kupakwa rangi yake kinabeba kabisa, na hiki cha zamani kitavuliwa chote avishe kipya. Alikuwa akiongea huku anaipapasa. Sijamwona na uso ule tangu alipokuwa na meno ya utoto. Basi nikasema ni nzuri. Na ukiitazama kwa pembeni, mlango ukiwa wazi, ni nzuri kweli.

Mjane akaja kuleta funguo za ndege. Mama mcheshi, mzito wa mwili, amejifunga kanga kichwani. Akamwambia mwanangu: "Baba, hela uliyonipa mimi ni kiingilio tu. Mechi haijaanza." Akacheka peke yake. Kisha akanigeukia, akasema marehemu wake kila alipomwomba gauni alinunua tairi.

Jioni jirani akauliza ndege ikoje. Nikamweleza. Akasema: "Ya nguo? Sasa mvua ikinyesha mnaianua?"

Nimecheka mbele yake. Ndani nimechukia.


Jumatano, 29 Machi

Leo simu ndefu. Namuuliza tu umekula nini, yeye ananijibu gharama.

Banda linalipiwa kila mwezi, iruke isiruke. Kwa kodi yake unapanga nyumba nzuri yenye choo ndani. Bima — kampuni ya kwanza ilisikia kitambaa ikakata simu, ya pili imekubali kwa bei ya kukomoa. Ukaguzi wa kila mwaka: mkaguzi anatoka mbali, unamlipa nauli, unamlaza, unamlisha, anakwambia ndege haifai, na hapo pia unamlipa! Tairi hazipo madukani, zinaagizwa ng'ambo. Mafuta yake si haya ya magari. Kitambaa kipya kinakuja kwa meli, na gundi yake maalumu, na rangi yake ya kupaka tabaka juu ya tabaka, na ushuru juu ya yote. Na fundi ndege ni mmoja tu eneo hili, miwani mizito, maneno machache, analipwa kwa saa hata akiwa anakuna kichwa.

Na haijaruka hata kimo cha kuku.

"Imelala, mama, na inakula," akasema.

Nilimtumia hela za mashati. Akarudisha. Nikatuma tena. Akaacha.


Jumamosi, 15 Aprili

Hakuja. Kuna jengo lifti zote zimegoma, wamemwomba abaki na malipo ni mara mbili. Ni kwa ajili ya ndege, mama. Najua. Nikamwambia kazi kwanza, baba, usijali, mimi niko sawa kabisa.

Nilikuwa nimeshapika. Wali sufuria nzima.

Ndiyo hesabu yenyewe naanza kuiona. Ndege inamleta. Gharama za ndege zinamzuia. Sasa sijui niiombee nini.

Mchana nilikwenda bandani. Sikuwa na kazi huko, nilisema nimekwenda kufagia. Koti akaniuliza: "Mama, unamtembelea mgonjwa?" Nikamwambia funga mdomo fungua mlango. Nikafagia. Nikakaa kwenye kiti cha nyuma, cha abiria, magoti yananigusa kidevu. Mle ndani kuna harufu ya mafuta na vumbi la mahindi. Kimya kizuri lakini. Cha nyumbani si kama hicho. Cha nyumbani unasikia friji.


Jumapili, 23 Aprili

Mkwe amepiga. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, watoto wazima, wazima. Halafu: "Na mke mwenzangu huko hajambo?"

Nikauliza nani? "Si huyo wa bandani! Analipiwa nyumba, ananunuliwa nguo, anapakwa rangi. Mimi hata kitenge mwaka huu sijaona." Tukacheka wote wawili, ana mzaha sana huyu binti, ndiyo maana nilimpenda siku ya kwanza.

Ila mwishoni hakucheka. Nyumba yao haijaezekwa. Kuta zimesimama zinaota majani. Wajukuu zangu wameanza muhula na viatu vya mwaka jana, vidole vimekunjwa. Hakunung'unika, alitaja tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikasema vumilia. Neno la bure hilo, vumilia. Yeye ana haki. Nami namtaka mwanangu.


Jumapili, 7 Mei

Siku tamu kama hii sikumbuki.

Alikuja juzi na jora la kitambaa begani, kama mtu anayehama na zulia. Jana yeye na fundi ndege wamegandisha kitambaa kwenye mabawa yote mawili kwa gundi. Kilikaa kimelegea, mikunjo mikunjo, kama shuka baada ya usingizi mbaya. Nikasema moyoni, hawa wameharibu.

Leo asubuhi fundi akatoa PASI.

Pasi! Pasi ya umeme, ndogo! Nikauliza ya nini. Mwanangu akacheka, "Mama, leo uko nyumbani. Ndege inapigwa pasi." Kitambaa hiki si cha pamba, ni cha nyuzi za plastiki, ukikipasha moto kinajikaza. Na kweli! Fundi akaipitisha pasi polepole, na ile mikunjo ikawa inakimbia mbele yake kama kuku. Kitambaa kikakaza kikawa ngoma. Ukikigonga kwa kidole — du!

Nilipiga makofi. Mimi niliyestaafu chumba cha dobi cha hospitali kubwa! Mashuka ya madaktari, makoti, mapazia ya wodi. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia na ya yule daktari mkuu aliyekataa koti lake liguswe na mtu mwingine. Fundi akasema hm. Nikaomba nijaribu. Akasema bado, mama, pasi hii ina vipimo vyake. Ina alama za kalamu kwenye swichi, na kila mara anaibandika kipimajoto, moto mdogo kwanza, halafu wa kati, halafu wa mwisho, na wa mwisho hauzidishwi. Niliona ni mbwembwe za kuongeza saa. Sikusema.

Wamemaliza bawa moja. La pili limebaki limelegea, basi lilikuwa linaondoka saa tisa. Nimemsindikiza kituoni. Akanishika bega. "Mama, siku itakayoruka, kiti cha nyuma ni chako."

Nimeshamwambia jirani. Ameingia ndani na ndoo yake tupu.


Ijumaa, 2 Juni

Mwezi huu haji. Wala ujao. Labda Agosti.

Mkaguzi anataka kulipwa kabla. Fundi ndege anataka siku nzima ya bawa lililobaki, na bila bawa rangi haiwezi kuanza, na bila rangi mkaguzi hana la kukagua. Mwanangu anashika zamu za watu wengine ili apate hizo hela. Sauti yake imechoka. Nikamuuliza unalala? Akasema nalala kwenye lifti, mama, inanibembeleza. Mzaha wa baba yake kabisa.

Jirani ananiuliza kila siku kupitia ukuta. "Ndege haijaruka?" Haijaruka. "Labda imefuliwa, haijakauka."

Nimemwagia maji ya sabuni upande wake wa mfereji. Kwa bahati mbaya.


Alhamisi, 15 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Tangu Jumatatu nilikuwa na wazo. Bawa moja tu ndilo linamchelewesha. Siku moja ya fundi. Na kazi yenyewe ni pasi! Pasi, kazi iliyonilisha, iliyomsomesha yeye. Nikasema nikilimaliza mimi, hela ya fundi inaenda kwenye rangi, na rangi wanapaka Juni hii hii, na anakuja. Nilijiona nimekuwa mjanja sana.

Leo mchana nimekwenda na pasi yangu kubwa, ile nzito, na waya wa kuongezea. Koti hakutaka. "Mama, fundi amesema asiguse mtu." Nikamwambia mimi siyo mtu, mimi ni mama. Akakuna shingo. Akafungua.

Mwanzoni, jamani! Nilianzia nchani. Pasi inapita, mikunjo inakimbia, kitambaa kinakaza — du! — sawasawa na cha fundi. Nikaimba. Nikamwita Koti aje aone, akaona, akatikisa kichwa akasema kweli mama wewe ni hatari. Nikajisikia nimepaa tayari.

Halafu katikati pakawa pagumu. Pana mkunjo haukubali. Nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote: mkunjo ukikataa, ongeza moto. Nikazungusha swichi mpaka alama ya pamba. Nikachota maji kwa kiganja nikanyunyizia, kama shuka. Nikabonyeza.

Kikalainika. Badala ya kukaza kikalegea. Nikadhani moto hautoshi! Nikarudia, nikaegemeza uzito. Kikalegea zaidi, kikashuka katikati ya mbavu kama shavu la mzee, na harufu ikaja, harufu ya sahani ya plastiki iliyoungua jikoni. Nilipoinua pasi, kitambaa kiliinuka nayo. Nyuzi ndefu ndefu. Tundu. Umbo la ncha ya pasi yangu, kama limekatwa kwa mkasi, na ndani naona mbao.

Nilizima. Nikakaa kwenye sakafu ya saruji na gauni langu.

Koti akasimama pembeni. Hakutania. Akasema, "Mama, twende nikufungie maji unywe." Hakuna maji ya kufunga, maskini, alikuwa hajui anachosema.


Ijumaa, 16 Juni

Sijala. Wenye nguo zao wamekuja, nimewaambia umeme umekatika.


Jumapili, 18 Juni

Fundi ndege alipita bandani jana kuangalia kitu chake. Ameona.

Leo asubuhi Koti amekuja mpaka mlangoni kwangu, bila koti. Kwanza sikumtambua, ana mabega madogo. Kumbe fundi ameshampigia mwanangu, kwamba mlinzi amewaacha watu wa kihuni waingie, wamewasha moto. Na mwenye kiwanja amemwambia Koti akabidhi funguo. Na Koti hakunitaja! Amesimama pale mlangoni anazungusha kofia. "Nilikuja tu kukwambia, mama, usije ukaenda kufagia ukakuta mgeni."

Nikampigia mwanangu palepale, Koti akisikia. Nikasema ni mimi. Nilipiga pasi. Nilitaka uje mapema.

Nikasikia mlango wa lifti ukifunguka huko aliko, ule mlio wake, na watu wanatoka, na unajifunga. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufokewa. Nilikuwa naomba hata anifokee.

Akasema: "Umeungua mkono?"

Nikasema hapana.

"Mwambie Koti nitampigia mwenye kiwanja sasa hivi." Kisha: "Kitambaa cha bawa zima kitavuliwa, mama. Hakiwekwi kiraka katikati ya namna hiyo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anamweleza mteja. Kisha nitakupigia, akakata.

Koti amepewa funguo zake jioni. Nimemfulia koti na kulipiga pasi, bure. Moto mdogo.


Jumatatu, 10 Julai

Meseji tu. Mzima mama? Mzima. Usiku mwema. Usiku mwema.

Jora lingine la kitambaa linaagizwa, kwa meli ileile, kwa ushuru uleule. Hakuniambia yeye. Aliniambia fundi ndege, nilipokwenda gereji kumwomba radhi. Alivua miwani akaifuta. Akasema hata wenye vyeti huunguza. Nadhani alikuwa ananihurumia. Sikujua uso huo unaweza.

Nilimwambia hela ya saa zake nitalipa mimi, kidogo kidogo. Akasema mwanao ameshalipa, alikataza usiambiwe.

Jirani hakuuliza kitu wiki nzima. Amesikia. Jana amenipitishia papai juu ya ukuta, bila neno. Afadhali angetania.

Nyumba hii ina vyumba vitatu, na ninavyotembea ndani yake siku hizi nakanyaga polepole, kama kuna mtu amelala.


Jumatano, 26 Julai

Siku ya simu mbili. Niandike zote mbili kwa utaratibu nisije nikachanganya, maana kuchanganya ndiyo hatari.

Ya kwanza, asubuhi, yeye. "Mama! Kitambaa kimefika!" Sauti ileile ya Machi. Nikakaa. Anakuja na fundi ameshamweka tayari, na sikiliza — bawa lile nitapiga pasi MIMI. Fundi atasimama kando na kipimajoto, amekubali, ila amesema pasi ni yake, yangu ibaki nyumbani. Nikawa nasema ee, ee. Halafu akashusha sauti. Mke wake amekubali kuja! Na watoto. Miezi yote hiyo alikataa hata kuiona picha, sasa ghafla amesema twende wote. "Sijui nini kimemgeuza, mama. Akiiona ataielewa. Ukimwambia wewe neno moja, hatabisha, anakuheshimu."

Nikasema sawa, mwanangu.

Nilicheza. Kwenye uwanja wa kuanikia, katikati ya mashati ya watu. Sioni aibu.

Ya pili, saa nane, mkwe. Shikamoo mama, marahaba. Sauti ndogo, yuko nje, nasikia magari. "Mama, nimepata mnunuzi."

Mwenye hoteli kando ya barabara kuu. Anaitaka ndege aisimamishe juu ya nguzo mbele ya geti, na taa za rangi, watu wapige picha. Hahitaji iruke. Kitambaa hata kikiwa kibovu ni sawa, ataipaka rangi ya mlango. Na anatoa hela nzuri, mama, hela taslimu — paa lote, na ada za mwaka, na inabaki. Atakuja na lori bandani siku hiyohiyo tutakayokuja. Mkwe hajamwambia mume wake. Akimwambia nyumbani watagombana mpaka watoto waamke, lakini akimwona mtu na hela mkononi, na paa lake, na mama yake pale karibu... "Mama, sitaki kumvunja moyo. Lakini nimechoka kulala kwenye nyumba ya kupanga na kuta zangu zinanyeshewa. Wewe ukisema neno moja hatabisha. Anakuheshimu."

Alikuwa analia kidogo. Anajua mimi ni mama wa nani, na bado amenililia mimi.

Nikasema sawa, mwanangu.

Sauti yangu haikubadilika hata kidogo. Mara zote mbili.

Sasa simu iko hapa mezani, chaji imejaa. Nikimwambia mwanangu habari za lori, hatamleta mke wake, na pengine atakaa na hasira huko huko. Nikimwambia mkwe neno lake sitalisema, atamrudisha mnunuzi na kubaki na watoto, na wala sitamlaumu. Nikinyamaza, wanakuja. Wote. Nyumba hii haijapata watu watano tangu matanga.

Bawa likikaza vizuri mkononi mwangu, na lori limesimama mlangoni linanguruma, nitasema neno gani? Nitalisema nikimtazama nani?

Nimetoa magodoro yote nje yapigwe jua. Wajukuu wawili kwangu, wao wawili chumba cha kati. Nimenunua mayai trei nzima, na kuku, na soda za watoto, na dukani sikukopa. Mashuka nimeyafua, nimeyapiga pasi, nimeyakunja, nimeyakunjua, nimeyapiga tena.

Jirani amenichungulia juu ya ukuta. Magodoro yote hayo? Una harusi?

Wageni, nikamwambia.

Nani anakuja?

Mwanangu. Mkwe. Wajukuu. Fundi. Na mtu mmoja mwenye lori.

Kumbe ndege inaruka! akasema. Aa, mimi hiyo siikosi, nitawaambia na wengine. Lini?

Nilikuwa na shuka mikononi, ncha mbili zinaburuza chini. Nikamwambia.

Jumamosi.